Reli ya Lagos: Ni Nani Aliyeulizwa?

Sisi wapenda mageuzi wa nchi hii tumezoea kupigana na miradi. Tumepinga majumba yaliyotaka kuota katikati ya bustani za umma, tumepinga misitu kukatwa na kugawiwa wakubwa, tumepinga mikataba iliyotiwa sahihi gizani. Kwa hiyo serikali inapotangaza kwamba mradi fulani mkubwa umefutwa, masikio yetu hulipokea neno hilo kama habari njema, na mara nyingine huwa ni habari njema kweli. Lakini kufuta nako ni kutawala. Mkono unaofuta ndio ule ule unaotia sahihi, na fedha zinazopotea katika kufuta hutoka katika mfuko ule ule zinamotoka fedha za kujenga. Tumeona vema safari hii tuwaeleze kisa cha mji mmoja wa Afrika uliofutiwa reli yake bila kuulizwa, ukakaa miaka 38 ukingoja nyingine.

Mji wenyewe ni Lagos, Nigeria. Asiyeufahamu na aufikirie kama mji uliogawanywa na maji. Ofisi, mabenki na maduka makubwa yalikusanyika kisiwani tangu enzi za Waingereza, na umati wa wafanyakazi ukaishi ng'ambo, upande wa bara: Yaba, Mushin, Surulere, Agege na kwingineko. Kila alfajiri umati huo huvuka maji kwa madaraja, na kila jioni huvuka tena kurudi. Fedha za mafuta zilipofurika katika miaka ya 1970, magari yakaongezeka kuliko barabara. Serikali ikajaribu kuzuia: magari yenye namba witiri yapite siku fulani, yenye namba shufwa yapite siku nyingine. Waliokuwa na uwezo wakanunua gari la pili lenye namba ya aina ya pili, na msongamano ukabaki pale pale. Wasiokuwa na uwezo wakaendelea kujibana ndani ya molue, yale mabasi makubwa ya manjano yenye mistari myeusi, wengine wakining'inia milangoni. Mkazi wa Nairobi aliyewahi kushika chuma cha mlango wa matatu saa kumi na mbili asubuhi, mguu mmoja ndani na mwingine hewani, hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1979, baada ya miaka 13 ya utawala wa kijeshi, raia wa Nigeria walipiga kura, na Jimbo la Lagos likamchagua Lateef Jakande kuwa gavana. Huyu alikuwa mwanahabari kwa kazi yake, na katika miaka ya 1960 aliwahi kufungwa gerezani pamoja na kiongozi wake wa kisiasa, Obafemi Awolowo. Alipopata madaraka aliendelea kukaa katika nyumba yake mwenyewe. Alifanya elimu kuwa ya bure, akajenga shule nyingi na nyumba za bei nafuu ambazo hadi leo watu huziita kwa jina lake. Chama chake, UPN, hakikuwa chama kilichotawala taifa. Rais Shehu Shagari alitoka NPN. Hata hivyo jimbo liliweza kupanga mambo yake na kuyasimamia, na wapiga kura waliporudi vituoni mwaka 1983 walimchagua Jakande mara ya pili.

Jambo kubwa kuliko yote aliyopanga lilikuwa Metroline, reli ya umeme ya kuwabeba watu wa mji. Ilikusudiwa kuwa na urefu wa kilomita 28.5 hivi, iinuliwe juu ya nguzo ili isigombanie ardhi na magari, iwachukue watu wa bara na kuwafikisha kisiwani Marina. Kazi ilipewa muungano wa kampuni za Kifaransa, na fedha za awali zikalipwa. Treni zilitarajiwa kuanza kutembea mwaka 1986.

Tarehe 31 Desemba 1983 wanajeshi walipindua serikali. Meja Jenerali Muhammadu Buhari akawa mkuu wa nchi. Vyama vikapigwa marufuku, mabunge ya taifa na ya majimbo yakavunjwa, magavana waliochaguliwa wakatiwa kizuizini, Jakande akiwa mmoja wao, na kila jimbo likapewa gavana mwanajeshi. Mwaka 1985 serikali hiyo ikaifuta Metroline. Hasara iliyowaangukia walipa kodi wa Lagos kwa sababu ya kuvunja mkataba hutajwa kuwa zaidi ya dola milioni 78 za Marekani. Kwa fedha hizo hawakupata hata kituo kimoja cha kujikinga mvua.

Tungekosa haki kama tungewaficha wasomaji hoja za waliofuta, maana hazikuwa za kipuuzi. Bei ya mafuta ilikuwa ikishuka tangu mwanzoni mwa muongo ule, na Nigeria ilitegemea mafuta kwa karibu kila senti ya fedha za kigeni. Madeni ya nje yalikuwa yamepanda. Serikali ya kiraia iliyoangushwa ilikuwa imetia doa jina lake kwa ubadhirifu, na raia wengi, ukweli usemwe, walishangilia wanajeshi walipoingia. Reli ya umeme ni mradi wa gharama kubwa. Mashine zake huagizwa kutoka nje, fundi wake hulipwa kwa fedha za kigeni, na nauli ya abiria maskini haiwezi kurudisha mtaji wote. Mtu mwenye busara angeweza kusema: tusimamishe kwanza, tuhesabu gharama, tusije tukawa kama yule wa kwenye Injili aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza. Huenda angekuwa na haki.

Na mtu mwingine mwenye busara angeweza kumjibu. Angesema kwamba mkataba ukishatiwa sahihi, kuuvunja nako kuna bei, nayo ihesabiwe pamoja na bei ya kujenga. Angeuliza kama reli haiwezi kupunguzwa urefu, ijengwe kipande kimoja kwanza na vingine vingoje bei ya mafuta ipande. Angeuliza saa ngapi za kazi zinapotea madarajani kila siku, na petroli kiasi gani inachomwa na magari yaliyosimama. Angetaka kujua: tukiifuta hii, watu watapanda nini?

Haya ndiyo mabishano ambayo Lagos ilinyimwa. Hatusemi kwamba wanajeshi walikosea hesabu; tunasema kwamba hesabu haikuwekwa mezani, na meza yenyewe ilikuwa imevunjwa kuni. Mabishano hayo yangefanyika wapi? Bunge la jimbo lilikuwa limefungwa. Mwakilishi wa Mushin hakuwepo tena, wala wa Surulere. Gavana aliyeupanga mradi alikuwa ametiwa kizuizini mara tu baada ya mapinduzi. Vyama vya kuupigia debe au kuupinga havikuwa na ruhusa ya kukutana.

Magazeti je? Wasomaji wetu wanaokumbuka jinsi majarida yalivyonyang'anywa mitaani Nairobi wataielewa haraka habari hii. Mwaka 1984 serikali ya Buhari ilitoa Amri Na. 4, iliyomfanya mhalifu mwandishi yeyote anayechapisha habari yenye kosa, au inayowafedhehesha watumishi wa serikali, na mzigo wa kuthibitisha ukawekwa mabegani mwa mshtakiwa. Wanahabari wawili wa gazeti la The Guardian la Lagos, Tunde Thompson na Nduka Irabor, walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, na gazeti lao likatozwa faini ya naira 50,000. Walikuwa wameandika nini? Habari za uteuzi wa mabalozi. Ikiwa kutaja nani atatumwa ubalozi gani kulimpeleka mtu gerezani, ni mhariri gani angethubutu kuandika kwamba serikali imepoteza mamilioni ya walipa kodi kwa kuvunja mkataba wa reli? Nayo Amri Na. 2 ya mwaka huo huo iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Maneno haya, kizuizini bila mashtaka, hatuna haja ya kuwatafsiria Wakenya.

Watetezi wa Buhari husema kwamba yeye alitawala miezi 20 tu, akapinduliwa na Jenerali Ibrahim Babangida Agosti 1985, na kama reli ilikuwa njema hivyo, mbona waliomfuata hawakuifufua? Swali hili ni zuri na halipaswi kukwepwa. Babangida alikaa hadi 1993 akakamilisha Daraja la Tatu mwaka 1990, daraja refu lenye sifa, likajaa magari. Makao makuu ya nchi yakahamishiwa Abuja mwaka 1991, na wakubwa wakaacha kupita kwenye msongamano wa Lagos, jambo ambalo sisi tunalihesabu kuwa na uzito wake. Kisha akaja Sani Abacha, na Jakande mwenyewe akakubali kuwa waziri wake wa ujenzi. Hatuandiki ili kumfanya mtu mtakatifu. Wenzake wengi wa upande wa demokrasia hawakumsamehe kwa uamuzi ule, na reli yake haikufufuka kwa kuwa waziri. Lakini jibu la swali ni hili: waliomfuata Buhari hawakuulizwa kwa sababu nao walikuwa watawala wa aina ile ile. Mtawala asiyetafuta kura ya mtu wa Mushin hana la kumhangaisha mtu huyo anapochelewa kazini.

Kura ziliporudi mwaka 1999, mazungumzo ya reli nayo yakarudi, ingawa polepole mno. Jimbo liliunda mamlaka ya uchukuzi, LAMATA. Mwaka 2008 mabasi ya njia maalumu yakaanza. Mwaka 2010 ujenzi wa Reli ya Samawati ukaanza, safari hii kwa mikono ya kampuni ya Kichina, ukasuasua, ukasimama, ukaendelea, kwa sababu tawala za kiraia nazo zinajua sana kuahidi na kuchelewesha. Tofauti ni kwamba ucheleweshaji huo uliandikwa magazetini, ukadhihakiwa, na magavana wakalazimika kuutolea maelezo kila uchaguzi ulipokaribia. Mwaka 2015 Buhari, sasa akiwa raia, aligombea urais, na wapinzani wake wakaifukua Metroline wakamtupia. Miaka 30 imepita, na sasa ndipo uamuzi ule ukajadiliwa hadharani bila mtu kufungwa! Buhari alishinda hata hivyo. Wapiga kura walikuwa na mambo mengine mengi ya kupima.

Tarehe 24 Januari 2023 Rais Buhari alifika Marina, Lagos, akazindua kipande cha kwanza cha Reli ya Samawati. Mkono uliofuta ukakata utepe. Kipande hicho kina kilomita 13 na vituo vitano, kutoka Mile 2 hadi Marina, yaani pungufu ya nusu ya ile iliyokuwa imalizike mwaka 1986. Abiria wa kawaida walianza kusafiri Septemba mwaka huo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa na Reli Nyekundu, inayotoka Agbado hadi Oyingbo. Jakande hakuiona hata moja: alifariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 91. Buhari naye amekwisha kufariki, Julai 2025, na wote wawili wako mbele ya hakimu asiyehitaji Amri Na. 4.

Mtoto aliyezaliwa Mushin mwaka ule wa 1985 alikuwa mtu mzima wa miaka 38 treni ilipoanza. Alikwenda shule kwa basi lililojaa, akatafuta kazi kwa basi lililojaa, pengine akazaa watoto na kuwapandisha katika basi lile lile. Hakuna mahakama itakayompa fidia. Fidia walilipwa waliokuwa na mkataba. Yeye hakuwa na mkataba, alikuwa na serikali tu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Hayati Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akauliza maswali, akatukanwa Bungeni, shirika lake likafukuzwa ofisini. Lakini maswali yalikuwa yamekwisha kusikika, wafadhili wa nje wakayasikia, na mradi ukafa. Watu wetu hukumbuka kisa hicho kama ushindi dhidi ya jengo. Sisi tunaukumbuka zaidi kama ushindi wa barua. Mwanamke mmoja asiye na cheo serikalini aliuliza ni nani atakayelipa, na swali hilo likaiangusha ghorofa yote 60 kabla haijapanda. Uhuru Park ilifutiwa mradi na watu waliouliza. Lagos ilifutiwa mradi na watu waliokataza kuuliza. Matokeo ya kwanza tunayafurahia, lakini hata yangekuwa mabaya, tungejua yalivyofikiwa.

Mtihani mgumu zaidi ulitujia Novemba 2024. Raia, mawakili, mashirika ya haki na wafanyakazi wa uwanja wa ndege walikuwa wamepinga kwa miezi mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja wa Jomo Kenyatta. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuusimamisha kwa muda. Rais William Ruto akasimama Bungeni tarehe 21 mwezi huo, akatangaza kwamba mpango umefutwa, na wabunge wakalipuka kwa shangwe. Sisi nasi tulifurahi, hatukani. Lakini wangapi kati yetu, baada ya vigelegele, waliuliza: je, kuna gharama ya kujitoa? Nani alitumia nini kufika pale? Uwanja unaovuja utatengenezwa kwa njia gani, na lini? Shangwe ya wabunge haiwi hesabu. Ikiwa tutadai maelezo kwa miradi tunayoichukia peke yake, na kunyamaza inapofutwa ile inayotuudhi, basi tutakuwa tumemwachia mtawala nusu ya madaraka yasiyoulizwa, naye ataijua nusu hiyo na kuitumia.

Iko pia njia ya tatu ya kuua mradi, ambayo Lagos haikuihitaji na sisi tumeizoea: kutoufuta na kutoujenga. Mwaka 2018 wakazi wa Nairobi waliamka wakakuta Barabara Kuu ya Thika imechorwa mistari myekundu, wakaambiwa ni njia ya mabasi ya mwendo wa haraka. Rangi ilikuja, mabasi yaliyoahidiwa mwaka ule hayakuja. Hakukuwa na tangazo la kufuta ambalo mtu angelipinga, wala mkutano ambao mtu angeuhudhuria. Tunathubutu kusema kwamba njia hii ni ya hatari kuliko amri ya mwanajeshi, kwa sababu amri ina tarehe na ina jina la aliyeitoa.

Hapa lakini tunayo silaha ambayo mtu wa Lagos wa mwaka 1985 hakuwa nayo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 201 inataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo ya fedha za umma. Sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi iliyoombwa itoe uamuzi wake ndani ya siku 21. Haihitaji wakili. Muombaji halazimishwi kueleza anataka habari hizo za nini.

Tunapendekeza basi kwamba vikundi vyetu vya mitaani, na kamati za haki na amani katika makanisa yaliyo kandokando ya Barabara ya Thika, kuanzia Pangani hadi Juja, viandike barua. Iwe fupi. Iulize mambo manne: mradi wa mabasi ya mwendo wa haraka umelipiwa kiasi gani tangu mistari ilipochorwa, mikopo yake ni ya nani na riba yake ni ngapi, iwapo umesimamishwa, nani aliamua, tarehe gani, na kwa sababu zipi, na abiria wa njia hiyo wamewekewa nini badala yake. Ipelekwe wizarani kwa mkono, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe ihifadhiwe. Siku ya 22 ikifika bila jibu, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Nakala zikifika kwetu tutazichapa, na majibu pia, neno kwa neno, hata yakiwa ya mstari mmoja.